Mhusika Mkuu Si Malaika: Safari Yake Kutoka Liyongo Hadi Ridhaa

Utangulizi

Mtahiniwa anapotakiwa kueleza nafasi ya mhusika mkuu katika riwaya aliyoisoma, aghalabu huanza kumimina orodha ya sifa: ni jasiri, ni mwadilifu, ni mwenye bidii, ni mwenye utu. Orodha hiyo huwa ameikariri kutoka kwenye mwongozo, na haitofautiani sana na ile aliyoiandika kuhusu riwaya nyingine kabla yake. Tatizo si kwamba sifa hizo ni za uongo. Tatizo ni kwamba swali halikuuliza sifa. Sifa hueleza mhusika yukoje. Nafasi hueleza anafanya kazi gani katika hadithi. Mhusika anaweza kuwa mlevi, mwongo au mnyonge na bado akawa mhusika mkuu. Anaweza pia kuwa mwema kupindukia na akabaki mhusika mdogo ambaye kazi yake ni kumwangazia mwenzake.

Makala haya yanadhamiria kulifuatilia suala hili kihistoria. Yatabainisha kwamba fasihi ya Kiswahili haijawahi kuwa na aina moja ya mhusika mkuu. Kila kizazi cha watunzi kilimtwika mhusika huyu swali lililokuwa likiisumbua jamii ya wakati wake, kisha kikamtazama akitembea nalo. Hoja yetu basi ni hii: mhusika mkuu ndiye mbebaji wa swali la hadithi, wala si lazima awe kielelezo cha tabia njema. Mwanafunzi aliyeishika hoja hii ana ufunguo wa kazi yoyote atakayowekewa mbele. Asiyeishika atamhukumu Rosa badala ya kumsoma.

Neno lenyewe linasemaje?

Ni vyema kuanza na istilahi. Katika uhakiki wa Ulaya, dhana ya mhusika mkuu ina mizizi katika drama ya Ugiriki ya kale, ambako neno lililotumika lilimaanisha mwigizaji wa kwanza. Aristotle anaeleza kwamba Aeschylus ndiye aliyeongeza idadi ya waigizaji kutoka mmoja hadi wawili, na Sophocles akamleta wa tatu. Neno hilo basi lilitaja nafasi ya mtu jukwaani. Halikutaja wema wake. Oedipus, aliyemuua babake na kumwoa mamake bila kujua, ndiye anayeibeba tamthilia ya Sophocles kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kiswahili chetu kina neno linalotufaa zaidi. Kitenzi 'husu' huzaa 'husika', na 'husika' huzaa 'mhusika'. Mhusika ni yule ambaye jambo linamgusa. Mhusika mkuu, kwa hivyo, ni yule ambaye jambo kuu la hadithi linamgusa kuliko wengine wote. Hapa hapana sharti la ushujaa wala la uadilifu. Mkanganyiko huingia darasani pale istilahi 'jagina' na 'nguli' zinapotumiwa kana kwamba maana yake ni ile ile. Jagina ni shujaa, na nguli katika matumizi ya kawaida ni bingwa au mtu mwenye sifa kubwa. Mhusika mkuu anaweza kuwa jagina, lakini si kila mhusika mkuu ni jagina.

Ili kumtambua, mwanafunzi ajiulize maswali matatu. Kwanza, jambo kuu la hadithi linamhusu nani zaidi? Pili, ni maamuzi ya nani, au mateso ya nani, yanayousukuma msuko mbele? Tatu, ni nani ambaye akiondolewa hadithi nzima itaporomoka? Kutajwa mara nyingi ni dalili tu, wala si ithibati.

Sungura na Liyongo

Tukianza na fasihi simulizi, tunakutana na sungura. Huyu ni mhusika mkuu wa ngano nyingi kote Afrika Mashariki, na anajulikana vyema: anadanganya, anaiba na kuponyoka. Hakuna mzazi anayemsimulia mtoto hadithi ya sungura ili mtoto akaibe shambani. Sungura yupo kwa sababu anabeba swali ambalo wanyonge wote hujiuliza: asiye na nguvu ataishi vipi kati ya wenye nguvu? Hadhira humcheka fisi, na katika kicheko hicho kuna jibu. Mhakiki wa Kirusi Vladimir Propp, katika utafiti wake wa mwaka 1928 juu ya ngano za Urusi, alisisitiza kwamba wahusika wa ngano hutambulika kwa kazi wanayoifanya katika mtiririko wa matukio kuliko kwa umbo au hulka yao. Ngano zetu zinaiunga mkono rai hiyo.

Katika tendi hali hubadilika kidogo. Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yake yaliandikwa kama utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ni jagina kamili: mwenye nguvu, hodari wa upinde na bingwa wa ushairi. Mtawala wa Pate anamwogopa na kumtia gerezani. Liyongo anatoroka kwa tupa aliyofichiwa na mamake ndani ya mkate, huku ngoma na nyimbo zikiifunika sauti ya kukata minyororo. Wengi huishia hapo na kuandika 'Liyongo ni shujaa na ni mwerevu'. Lakini uzito wa utenzi huu uko mbele zaidi. Liyongo hauliwi na adui vitani. Anachomwa kitovuni kwa chuma cha shaba na mwanawe wa kumzaa, aliyerubuniwa na mtawala na ambaye Liyongo mwenyewe alimfichulia siri ya kifo chake. Anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Tazama kazi ya mhusika mkuu hapa. Liyongo anabeba swali la jamii yenye watawala wenye wivu: je, nguvu za mtu mmoja zinatosha kumlinda iwapo walio karibu naye wananunulika? Tukio la kisimani linajibu kwa taswira. Mji ulioacha shujaa wake auawe ndio unaobaki na kiu. Mwanafunzi anayesema 'ni shujaa' hajakosea, ila amesimama mlangoni.

Shaaban Robert na wahusika wenye majina ya sifa

Katika nathari ya kati ya karne ya 20, Shaaban Robert (1909-1962) alimpa mhusika mkuu sura nyingine. Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa mbele ya mfalme wa nchi iliyo angani kwa kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria. Mshtaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Karama hana upinde wala askari. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi yao manufaa, kisha wakarudi na kutupwa gerezani. Katika Adili na Nduguze (1952), Adili anawavumilia ndugu zake, Hasidi na Mwivu, wanaomtendea ubaya hadi wanageuzwa manyani.

Mbinu ya majazi iko wazi: jina linatangulia na tabia inafuata. Wahakiki wengi wamewaita wahusika hawa bapa, wakifuata mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara ulioenezwa na E. M. Forster mwaka 1927. Istilahi hiyo ni sahihi, lakini isitumiwe kama lawama. Karama ni bapa kwa sababu anabeba swali linalohitaji mbebaji asiyeyumba. Tanganyika ya mwaka 1951 ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Swali la iwapo ukweli unaweza kusemwa mbele ya dola na ukasikilizwa halikuwa la kufikirika hata kidogo. Kama Karama angekuwa na tamaa zake za siri, macho ya msomaji yangehama kutoka kwa dola inayofunga wajumbe wake na kumwangukia yeye.

Hata hivyo, ni katika kipindi hiki ambapo mazoea ya kumlinganisha mhusika mkuu na mwema yalipata mizizi. Msomaji aliyelelewa na Adili, na baadaye Utubora wa Utubora Mkulima (1968), alizoea kumtazama mhusika mkuu kama mwalimu wa maadili. Muhammed Said Abdulla aliyachezea mazoea hayo alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa ni mpelelezi anayetumia akili kufumbua fumbo, na umuhimu wake haumo katika mawaidha bali katika namna anavyoona yale ambayo wengine hawayaoni.

Mapinduzi ya miaka ya 1970

Mshtuko mkubwa ulikuja mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika. Rosa ni binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye njia yake ya kumlinda mwanawe ni kipigo na vitisho. Anapofika shuleni na chuoni, mbali na macho ya babake, Rosa hana kinga wala maarifa ya kujiongoza. Anaangukia mikononi mwa wanaume mmoja baada ya mwingine. Anapojaribu kubadilika na kuolewa na Charles, anakataliwa kwa sababu ya maisha aliyopitia, naye anajiua. Kitabu hiki kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kipindi fulani.

Marufuku hiyo yenyewe ni somo la historia ya mhusika mkuu. Walioogopa kitabu waliamini kwamba mhusika mkuu ni mtu wa kuigwa, hivyo basi Rosa angewafundisha wasichana uasherati. Lakini Rosa habebi jibu, anabeba swali. Swali lenyewe ni: mtoto aliyefundishwa kuogopa bila kufundishwa kufikiri atafanya nini siku woga utakapoondoka? Tukiliona hivyo, tunatambua kwamba riwaya inamshtaki Zakaria, inawashtaki wanaume wenye vyeo waliomtumia Rosa, na inamshtaki Charles, anayedai kwa mwanamke usafi ambao jamii haimdai mwanamume. Mtahiniwa anayeandika kwamba 'Rosa ni malaya' na kuishia hapo ameungana na Charles, tena bila kujua.

Katika Kichwamaji (1974), Kezilahabi alisonga mbele zaidi. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayesimulia habari zake mwenyewe, na elimu yake inamtenga na wazazi, kijiji na hata imani ya kwamba maisha yana maana. Naye pia anaishia kujiua. Baada ya uhuru, jamii ilitarajia kwamba msomi ndiye angekuwa jagina mpya. Kezilahabi alimweka msomi huyo katikati ya hadithi na kuonyesha utupu wake. Nafsi ya kwanza ina umuhimu hapa, kwa sababu hatuna msimulizi wa nje wa kutuambia ni nani mwenye haki. Tunalazimika kumpima Kazimoto kwa maneno yake mwenyewe.

Kuli na binti aliyefungiwa

Mwishoni mwa muongo huo, waandishi wa Zanzibar waliupeleka mhimili wa hadithi kwa watu wa tabaka la chini na kwa wanawake. Katika Kuli (1979), Adam Shafi anamfuata Rashidi, kijana anayeishia kufanya kazi ngumu ya bandarini kama babake kabla yake, hadi anapoamka na kushiriki harakati za wafanyakazi. Riwaya hii inajengwa juu ya historia halisi, kwani makuli wa Zanzibar waligoma mwaka 1948. Rashidi ni mtu mmoja, lakini swali analolibeba ni la wengi: mnyonge hugundua lini kwamba shida yake si bahati mbaya yake peke yake? Linganisha na Liyongo. Katika utenzi, jagina yuko juu ya watu. Katika Kuli, mhusika mkuu anapata nguvu siku anapokuwa mmoja wao.

Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed anamleta Maimuna, binti wa Bwana Maksuudi, tajiri anayeheshimiwa hadharani na kuogopwa nyumbani. Maimuna amefungiwa ndani kwa jina la heshima. Anapotoroka, anaingia katika maisha ya starehe na ulevi, na baadaye anajaribu kujijenga upya. Hebu tutazame majibu mawili ya swali 'Eleza nafasi ya Maimuna katika riwaya ya Utengano'. La kwanza linasema: 'Maimuna ni mtoro, ni mlevi, tena ni mwenye majuto.' La pili linasema: 'Kupitia kwa Maimuna, mwandishi anaonyesha kwamba utengano wa mwanamke na jamii haumlindi bali humnyima uwezo wa kujilinda, anguko lake linafichua uozo wa Maksuudi, na juhudi zake za kujijenga upya zinaashiria uwezekano wa mabadiliko.' Majibu yote mawili yanatokana na matukio yale yale. La pili limejibu swali.

Mhusika mkuu msafiri nchini Kenya

Nchini Kenya, miaka ya 1990 ilimleta mhusika mkuu anayesafiri. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 wakati wa utawala wa chama kimoja, aliandika Walenisi (1995). Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa na watawala wa nchi yake, lakini safari iliyokusudiwa kumwangamiza inamfikisha Walenisi, nchi ya usawa ambayo jina lake linajifumbua lenyewe: wale ni sisi. Dzombo ni macho ya msomaji. Anauliza, anashangaa, anajifunza, na kila anapolinganisha Walenisi na kwao msomaji naye analinganisha. Hii ni kazi nyingine ya mhusika mkuu ambayo miongozo huisahau: kuwa dirisha la kuonea ulimwengu.

Mwaka 1996 marehemu Ken Walibora alichapisha Siku Njema. Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarab aliyezaliwa nje ya ndoa, anatoka Tanga na kuingia Kenya kumsaka babake. Jina lake linabeba mzigo wa makusudi, kwani Kongowea ni jina la kale linalohusishwa na Mombasa. Swali lake ni la nasaba, yaani mimi ni wa nani? Hata hivyo, safari yake ya kuvuka mpaka inaligeuza kuwa swali la lugha na la eneo zima. Naye Kyallo Wadi Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), anampa msimulizi wake safari inayovuka mabara kutafuta kiini cha masaibu ya kijiji chake. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mhusika mkuu ni kigogo anayeitwa K tu. Herufi moja inatosha, kwa sababu swali si jina lake bali ni kile alichokisaliti.

Pale wahusika wakuu wanaposhindania nafasi

Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora inazua mjadala mzuri darasani. Je, mhusika mkuu ni Amani au ni Mtemi Nasaba Bora? Anwani inamwelekea Mtemi, kwani kidagaa kimemwozea yeye, yaani mambo yamemharibikia. Lakini Amani ndiye anayefika Sokomoko akiwa na dhuluma ya kutafutia ukweli, ndiye aliyeibiwa mswada na Mwalimu Majisifu, na ndiye anayetwikwa lawama ya kitoto kisicho chake. Tukitumia maswali yetu matatu, Amani anasimama kama mhusika mkuu na Mtemi kama hasimu wake, ingawa mtahiniwa anaweza kutetea kwamba riwaya hii ina mihimili miwili. Kinachopewa alama ni utetezi wenye ithibati, si jina lililotajwa.

Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei inatupeleka mbali zaidi. Ridhaa, daktari aliyepoteza mke na jamaa kwa moto wa ghasia za baada ya uchaguzi, ndiye anayefungua riwaya akiwa kwenye magofu ya nyumba yake. Baadaye uzito unahamia kwa Umulkheri, msichana aliyetenganishwa na nduguze. Wanafunzi huchanganyikiwa: mbona mhusika mkuu ametoweka? Hajatoweka. Swali la riwaya ni jinsi familia, na kupitia kwake taifa, linavyoweza kuunganishwa tena baada ya kuvunjwa. Swali hilo ni zito mno kwa mabega ya mtu mmoja. Ridhaa analianza, na Umu analipokea pale anapolelewa na Mwangeka, mwana wa Ridhaa, pamoja na mkewe Apondi. Jeraha la familia moja linakuwa makao ya familia nyingine.

Mwalimu afanye nini?

Kwanza, mwalimu atenganishe somo la sifa na somo la nafasi, hata kama yatafunzwa katika wiki moja. Pili, kabla ya kumtaja mhusika mkuu, darasa liliandike swali la kazi husika kwa sentensi moja, kisha liulize ni nani analibeba. Tatu, kila sifa itakayotajwa iambatanishwe na tukio na faida yake kwa msuko au maudhui: 'ni msiri' haitoshi, usiri huo unasababisha nini? Nne, wanafunzi wazoezwe kumtazama mhusika mkuu kwa kumlinganisha na wale wanaomzunguka. Bila Majivuno hatungemjua Karama, na bila Maksuudi hatungemwelewa Maimuna.

Hitimisho

Tumeona kwamba mhusika mkuu wa Kiswahili amekuwa mjanja wa porini, jagina wa utenzi, mtetezi mahakamani, binti aliyekata tamaa, kuli, msafiri na mkimbizi. Sura zimebadilika kwa kuwa maswali ya jamii yamebadilika. Kazi imebaki ile ile. Mwanafunzi anayemsoma mhusika mkuu kwa kutafuta mtu wa kumsifu au wa kumlaani atafaulu labda kujaza ukurasa. Anayemsoma kwa kutafuta swali analolibeba atafaidika hata baada ya mtihani, kwani atakuwa amejifunza kumsikiliza mtu mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Maswali ya mjadala

1. 'Mhusika mkuu hahitaji kuwa mwema.' Jadili ukirejelea riwaya yoyote uliyoisoma.
2. Linganisha nafasi ya Liyongo katika utenzi na ya Rashidi katika Kuli.
3. Kwa kutumia maswali matatu yaliyopendekezwa, bainisha mhusika mkuu wa Kidagaa Kimemwozea na utetee jibu lako.
4. Eleza jinsi nafsi ya kwanza inavyoathiri namna tunavyompima mhusika mkuu katika Kichwamaji au Siku Njema.